Robo ya mshahara unayoikodi kila mwezi

*"Shikamoo mshauri. Nina miaka 26, niko mwaka wa pili kazini, na baada ya makato mshahara wangu ni 600,000. Nina mkopo wa benki wa 1,200,000 wa miezi 24, riba 18% kwa mwaka, nalipa 68,000 kila mwezi na nimebakiza miezi 14. Miezi minane iliyopita niliugua, nikaazima 120,000 kwa rafiki yangu na nyingine nikakopa kwenye simu. Rafiki sijamlipa hata senti, na siku hizi nikiona jina lake kwenye simu natokwa na jasho. Mikopo ya simu ni miwili: mmoja 90,000, ada 12% kwa siku 30, mwingine 60,000, ada 10% kwa siku 14. Hiyo sijawahi kuchelewesha. Nikilipa, nakopa tena kabla ya siku kuisha, na kikomo changu kinapanda. Naweka pia akiba ya 20,000 kila mwezi, imefika 160,000 na inapata 6% kwa mwaka, nimejiapiza sitaigusa. Lakini kila ikifika tarehe 15 sina kitu. Afisa wa benki amenishauri nichukue mkopo mpya wa 1,500,000 kwa miezi 36, riba ileile. Watakata deni la zamani, ambalo anasema limebaki 790,000, watakata na 45,000 za ada na bima, kisha mimi nilipe madogo yote na nibaki na hela. Rejesho litashuka mpaka 64,000 na kidogo. Naona kama mlango umefunguka. Niuchukue? Halafu kuna mfanyakazi mwenzangu ananiomba nimdhamini mkopo wake, nashindwa kumkatalia."*

Marahaba, mdogo wangu. Nakushukuru kwa kuandika tarakimu. Wengi huniandikia kwamba madeni yamewazidi, basi, na hapo hata mimi sina pa kushika. Jina la sarafu nimeliondoa kwa sababu hesabu hii haibadiliki, uwe unaishi popote.

Nimeisoma barua yako kalamu mkononi. Kinachokusumbua, kama nimekuelewa, ni kwamba unafanya yote uliyoambiwa ni ya mtu mwenye busara: huchelewi kulipa, unaweka akiba, una kazi, na bado mwezi unakukatikia katikati. Kwa hiyo umeanza kudhani tatizo ni mshahara mdogo, au ni wewe, na kwamba mkopo mkubwa utafagia kila kitu. Nikujibu mapema usije ukasaini nikiwa bado naeleza: mkopo ule usiuchukue. Sasa kaa tuhesabu.

Chukua karatasi, andika madeni yako yote, na mbele ya kila moja usiandike unadaiwa kiasi gani. Andika linakugharimu kiasi gani kwa mwezi. Mkopo wa benki: riba yake yote ni 432,000, ukigawa kwa miezi 24 unapata 18,000 kwa mwezi. Mkopo wa simu wa 90,000: ada ni 10,800 kwa mwezi. Ule wa 60,000 unalipiwa 6,000 kila wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka, wastani wa 13,000 kwa mwezi. Jumlisha hiyo miwili ya simu: 23,800.

Umeona? Mkopo wa milioni moja na laki mbili unakula 18,000. Vimkopo viwili ambavyo kwa pamoja ni 150,000, vile ambavyo pengine hata huvihesabu unapomtajia mtu madeni yako, vinakula 23,800. Kwa mwaka ni 285,600, na mwisho wa mwaka huo bado unadaiwa 150,000 zilezile. Kama umekuwa ukivizungusha tangu ulipougua, miezi minane, umeshalipa kama 190,000 za ada. Ulichokopa umeshakirudisha na zaidi, na deni liko palepale.

Tuangalie siku yako ya mshahara ilivyo. Zinaingia 600,000. Zinatoka 68,000 za benki, 100,800 za mkopo wa kwanza wa simu, 66,000 za wa pili. Hizo ni 234,800, karibu 39% ya mshahara, kabla hujanunua hata sabuni. Halafu unakopa tena 90,000 na 60,000, maana bila hizo mwezi hauendi. Kwa maneno mengine, kuna shimo la 150,000 katika mwezi wako. Lilichimbika siku ulipougua, na tangu hapo hujalifukia hata kidogo. Unalibeba tu kutoka mwezi huu kwenda mwezi ujao, na kila unapolibeba unalipa nauli.

Sasa 150,000 ni nini kwako? Ni robo ya mshahara mmoja. Uko nyuma kwa robo ya mshahara, basi. Huna maisha yaliyoharibika wala mshahara usiotosha. Robo hiyo unaikodi kwa 23,800 kila mwezi, na kodi hailipi deni, inakupa tu haki ya kuendelea kukodi.

Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, ila methali hiyo haikusema ulipe kwa pesa ya nani. Anayelipa deni kwa deni lingine hajameza dawa, amehamisha ugonjwa.

Nadhani kilichokupoteza ni asilimia. Umeona benki 18%, simu 10% na 12%, ukahisi benki ndiyo ghali. Ni kosa ambalo nimeliona hata kwa watu wenye shahada za hesabu, kwa hiyo usijione mjinga. Asilimia bila muda haina maana yoyote, sawa na mtu akwambie gari linakwenda "mia" bila kusema ni mia kwa saa au mia kwa siku. Kumi kwa siku 14 ukiizungusha mwaka mzima ni 260%. Kumi na mbili kwa mwezi ni 144%. Hapo sijapandisha riba juu ya riba, nimezidisha tu.

Kuna njia ya zamani ya kuupima mwendo huu kichwani. Luca Pacioli, mtaalamu wa hesabu wa Italia, aliitaja katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na maofisa wa benki wanaitumia mpaka leo. Gawanya 72 kwa asilimia ya riba. Jibu ni idadi ya vipindi ambavyo pesa itachukua kuwa maradufu, ikiwa riba inajumlishwa juu yake. Ni makadirio, lakini yanatosha. Akiba yako ya 6%: miaka 12. Mkopo wa 18% kwa mwaka: miaka 4. Mkopo wa 12% kwa mwezi: miezi 6. Ule wa 10% kwa siku 14: vipindi saba na kidogo, kama siku 100. Akiba yako inatambaa na deni linapiga mbio, na umeviweka vyote viwili katika mkoba mmoja.

Utaniambia, "Lakini salio langu la simu halijawahi kuwa maradufu, ni 60,000 siku zote." Ndiyo, kwa sababu kila wiki mbili unakata kichwa cha ukuaji huo kwa pesa yako. Ungeacha kulipa ungeuona kwenye salio. Kwa kuwa unalipa, unauona tarehe 15.

Na hicho kikomo kinachopanda, tafadhali usikihesabu kuwa maendeleo. Kulipa kwa wakati ni jambo jema na huacha kumbukumbu nzuri kwenye taarifa zako za mikopo. Lakini kikomo kupanda maana yake ni moja tu: aliye upande wa pili ameona wewe ni mteja anayerudi. Programu ile haijui kama umelipa kwa mshahara au kwa kukopa kwingine, na wala haiulizi. Ukiacha kukopa kikomo kitashuka, ndiyo. Kiache kishuke.

Sasa nije kwenye benki, na hapa niseme wazi kwamba nilikaa upande ule wa meza miaka sita nikiwa afisa mikopo. Afisa aliyekushauri si lazima awe mtu mbaya. Ana lengo la mikopo analotakiwa kufikisha kila mwezi, na mteja bora kuliko wote ni yule ambaye tayari ana mkopo, mshahara wake unapitia hapo, na hachelewi. Ni wewe huyo. Nilikuwa navuta orodha ya watu kama wewe kila mwanzo wa mwezi na kuwapigia mmoja mmoja. Karibu wote waliniuliza swali lilelile: "Rejesho litakuwa ngapi kwa mwezi?" Waliouliza "Jumla nitalipa ngapi mpaka mwisho?" naweza kuwahesabu kwa vidole.

Basi tuulize swali hilo la pili. Ukibaki na mkopo wako wa sasa, marejesho yaliyobaki ni 14 ya 68,000, jumla 952,000. Ukichukua mpya: 1,500,000, riba 18% kwa miaka mitatu ni 810,000, jumla 2,310,000. Tofauti ni 1,358,000. Na mkononi utapata nini? Toa 790,000 za deni la zamani, toa 45,000, unabaki na 665,000. Kwa hiyo unaombwa ununue 665,000 kwa 1,358,000. Rejesho limeshuka kwa chini ya 4,000 kwa sababu miezi imeongezeka kutoka 14 hadi 36. Hakuna aliyekupunguzia chochote.

Tena unahitaji kiasi gani hasa? Simu 150,000 na rafiki 120,000. Hizo ni 270,000. Zile 395,000 zinazobaki ndizo zinazoniogopesha. Nimeona pesa za namna hiyo zikiingia Ijumaa na kufikia Jumatatu zimekuwa televisheni. Nisijifanye mtakatifu: mimi mwenyewe nikiwa na umri wako nilichukua nyongeza ya mkopo "kulipa madeni madogo", nikanunua redio kubwa ya muziki. Redio iliharibika mkopo ukiwa bado una miezi 11.

Kuna jambo jingine kwenye mkataba wako ambalo huenda hukuelezwa. Nimejuaje riba yako ni 432,000? Nimechukua 1,200,000, nikazidisha 18%, nikazidisha miaka miwili, nikajumlisha na mkopo, nikagawa kwa 24. Jibu limetoka 68,000 kamili, sawa na unalolipa. Maana yake riba yako inakokotolewa kwa mkopo mzima mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hujawahi kulipa hata senti. Njia nyingine ni riba ya salio linalopungua: kila mwezi unatozwa kwa kile ulichobakiza tu. Kwa njia hiyo, 18% hiyohiyo ingekupa rejesho la kama 59,900, na riba yote ingekuwa karibu 238,000 badala ya 432,000.

Fikiria mwezi wa mwisho. Kila rejesho lako lina 50,000 za deni lenyewe na 18,000 za riba. Mwezi wa 24 utakuwa umeshika 50,000 tu za benki, na bado utalipia 18,000. Hiyo ni 36% kwa mwezi mmoja. Ukiuchukua mkopo wote na kuupima kwa salio linalopungua, 18% yako ni kama 31% kwa mwaka. Hakuna aliyekudanganya, imeandikwa kwenye mkataba, ila imeandikwa kwa namna ambayo macho hupita juu yake. Siku nyingine ukienda kukopa popote uliza: "Riba hii ni ya mkopo mzima au ya salio linalopungua?" Utaona anavyokaa vizuri kwenye kiti.

Je, ukimbilie kuumaliza mapema huo wa benki? Usikimbilie. Mikataba mingine inarudisha riba ya miezi ambayo haijafika ukilipa yote kabla ya wakati, mingine haikupunguzii kitu, mingine ina adhabu ya kulipa mapema. Uliza upewe kwa maandishi kiasi cha kufunga deni. Kwa sasa, kati ya madeni yako yenye riba, huo ndio unaokwenda polepole. Uache uendelee na ratiba yake.

Basi tufanye nini? Kuna wanaosema anza na deni dogo ili upate moyo, na wanaosema anza na lenye riba kali ili uokoe pesa. Mabishano hayo yana maana kwa mtu mwingine. Kwako deni dogo ndilo hilohilo kali: 60,000 za siku 14.

Ndiyo, naenda kugusa akiba yako. Najua ulijiapiza. Akiba ya 160,000 kwa 6% inakuletea 800 kwa mwezi, huku deni la 150,000 likikutoa 23,800. Kwa kweli unajikopesha pesa yako mwenyewe kupitia mlango wa jirani. Toa 60,000 kwenye akiba, ongeza zile 6,000 ambazo ungezilipa kwa vyovyote, funga mkopo huo siku unapoiva, na uifute programu kwenye simu kabla hujaondoka ulipokaa. Usiseme utaifuta kesho. Ujumbe wa "umestahili mkopo mpya" huja haraka kuliko risiti.

Kwa nini nisikwambie utoe zote 150,000 umalize siku moja? Hesabu tupu inasema fanya hivyo. Ila utabaki na 10,000, na mtu mwenye akiba ya 10,000 akiumwa jino anarudi kwenye simu. Shimo lako lilianza kwa ugonjwa, sitaki la pili lianze hivyohivyo. Zibaki 100,000. Huu ni uamuzi wangu, na una gharama ambayo nitakuonyesha. Ukiona unaweza kuhimili hatari hiyo, lipa yote, sitakulaumu.

Mkopo wa 90,000 tutaushusha kwa ngazi. Mpaka sasa kila mwezi unatoa mfukoni 10,800 za ada yake. Ukifunga ule wa 60,000, zile 13,000 zinabaki kwako. Simamisha pia ile akiba ya 20,000 kwa miezi sita. Jumla una fungu la 43,800 bila kubana chakula wala nauli. Mwezi wa kwanza lipa 100,800, ukope tena 60,000 tu. Zimetoka mfukoni 40,800. Mwezi wa pili lipa 67,200, ukope 30,000, zimetoka 37,200. Mwezi wa tatu lipa 33,600 na usikope. Umefika chini. Kwenda polepole hivi kumekugharimu ada za nyongeza za 7,200 na 3,600, jumla 10,800. Hiyo ndiyo bei ya kubaki na 100,000 za dharura miezi mitatu, na mimi naiona ni halali.

Kama uko kwenye chama cha kuweka na kukopa kinachotoza, tuseme, 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, kukopa hapo 90,000 za kufunga deni la simu kutakuwa nafuu kuliko ngazi yangu. Kuunganisha madeni si dhambi. Huwa na faida pale riba mpya ikiwa ndogo kweli ukiipima kwa muda uleule, ukikopa kiasi cha deni tu bila chenji, muda usiporefuka kupita ule wa zamani, na ukifunga milango ya zamani siku hiyohiyo. Ule wa benki ulikosa matatu kati ya hayo.

Sasa kuhusu tarehe 15. Ukishaliziba shimo, mwezi wako bado utakuwa na tabia ya zamani: pesa nyingi siku ya kwanza, ukame katikati. Siku ya mshahara lipa kodi na rejesho la benki, kisha kinachobaki kigawe mafungu manne ya wiki, matatu uyahamishie mahali ambapo hayaonekani unapofungua simu. Kila Jumatatu ujitumie fungu moja. Likiisha Alhamisi utajua Alhamisi, ungali na nafasi ya kujirekebisha. Watu wengi niliowashauri hawakuwa na matumizi makubwa, walikuwa tu hawaoni mpaka. Na kabla ya hapo pitia ujumbe wa miamala ya miezi mitatu, uandike kila kilichotoka. Inachosha, itakuchukua jioni nzima, na kuna mstari mmoja utakaokushangaza. Sitaubashiri, kila mtu ana wake.

Ukifuata mpango huu, kuanzia mwezi wa nne una 43,800 kila mwezi zisizo na mwenyewe. Mwezi wa nne, wa tano na wa sita: 40,000 kila mwezi kwa rafiki yako, deni lake limekwisha. Kuanzia wa saba mpaka wa 14, ziende akiba: ni 350,400, pamoja na zile 100,000 ulizobakisha unapata kama 450,000. Mwezi huohuo wa 14 benki inakwisha, na mwezi unaofuata zile 68,000 zinarudi kwako. Kwa ule mkopo mpya, mwezi wa 14 ungekuwa bado na marejesho 22 mbele yako.

Mpango huu unategemea jambo moja: usipate pigo jingine. Ukipata, usirudi kwenye simu kabla ya kuzungumza na mtu ana kwa ana. Ukiona mshahara hautafikisha rejesho la benki, nenda tawini kabla ya tarehe, wala usisubiri wiki mbili zipite. Mwombaji wa kupangiwa upya marejesho ambaye hajachelewa husikilizwa tofauti kabisa na aliyekwisha kuchelewa, nakwambia nikijua. Tafuta mshauri wa madeni ikiwa marejesho yote yamefika nusu ya mshahara, au ikiwa unakopa kwa ajili ya chakula. Tafuta msaada wa kisheria ukiletewa karatasi ya mahakama, ukitakiwa kusaini dhamana ya mali ya familia, au wadai wakianza kuwapigia simu jamaa zako na kukuaibisha. Mamlaka zinazosimamia wakopeshaji huwa na dawati la malalamiko, na tabia hiyo ni ya kulalamikiwa. Na kama hulali, huli, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, nenda kwa daktari au mtu unayemwamini leo, pesa itasubiri. Anayekuahidi kukufutia madeni ukimtangulizia ada kidogo, mkimbie.

Mwenzako wa kazini. Kudhamini si kumpa mtu jina lako aonekane mwema. Ni kukubali kwamba asipolipa, utalipa wewe, na mara nyingi benki haitahangaika kumtafuta kwanza kama mshahara wako uko karibu zaidi. Uliza mdhamini yeyote aliyekatwa. Kanuni yangu ni kwamba usidhamini deni ambalo usingeweza kulilipa lote mwenyewe bila kuyumba, na kwa sasa hilo halipo. Mwambie hivi: "Nina mkopo wangu na nimeshauriwa nisiweke sahihi popote mpaka uishe." Ni kweli tupu, na ukitaka unitaje mimi. Akinuna, atanuna wiki mbili. Deni lake lingekaa miaka miwili.

Amebaki rafiki yako, ambaye kwa hesabu nimemweka mwisho kwa sababu hatozi riba. Hapo ndipo sitaki ufuate hesabu peke yake. Kinachoongezeka upande wake si pesa, ni miezi minane ya kutopokea simu. Nilipokuwa benki tulikuwa na msemo wetu kwamba anayedaiwa akijitokeza ameshalipa nusu, na kwa watu naona ni kweli zaidi kuliko kwa benki. Kwa hiyo usimngoje mwezi wa nne. Mpe tarehe sasa: "Nina 120,000 zako, sijasahau, nimeona aibu. Nitakulipa 40,000 mwezi wa nne, wa tano na wa sita kuanzia sasa." Usimweleze habari ndefu za ugonjwa, anazijua, yeye ndiye aliyekusaidia. Na usimwandikie ujumbe, mpigie.